Mbeleko na Motokaa

Wazee wengi wa Mbulu na Hanang' walio hai leo, ukiwauliza safari yao ya kwanza duniani waliifanya kwa chombo gani, watakujibu kwa kicheko kwamba waliifanya mgongoni pa mama zao. Kwa maana kabla motokaa hazijazoea kupanda milima ya Wairaqw, na kabla lami haijatandazwa kutoka Babati kupita Katesh hadi Singida, mama aliyekuwa na haja ya kwenda kuhani msiba Dongobesh, au kumpeleka mwanawe katika hospitali ya Haydom ambayo wamisheni wa Kilutheri kutoka Norwei waliifungua mwaka 1955, alijifunga mbeleko, akachukua kibuyu chake cha maziwa, akashika njia.

Na mbeleko, kwa anayeitazama kwa makini, ni chombo cha safari kilichokamilika. Mtoto hupata joto la mwili, na hilo si jambo dogo katika nchi ambayo upepo wa mwezi Julai hupenya hata blanketi. Hupata mwendo wa pole usiokoma, ambao ndio humbembeleza kuliko wimbo wowote. Huona juu ya bega la mama ndege akiruka, punda aliyebebeshwa madumu ya maji, na moshi unaotoka katika nyumba za jirani. Na kila mpita njia akisimama kusalimu, mtoto naye hupata fungu lake la salamu. Mama wa zama hizo hakuwa na haja ya kuulizana na wenziwe namna ya kumshughulisha mtoto safarini, kwa kuwa safari yenyewe ilimshughulisha.

Motokaa imetupunguzia masafa, shukrani ziiendee; lakini imemwondolea mtoto yote hayo kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa miaka miwili aliyeketishwa garini haoni ila mgongo wa kiti cha mbele, hatembei, hatikiswi kwa utaratibu bali hurushwarushwa, na wakubwa waliomzunguka wamenyamaza kila mmoja na simu yake. Kisha tunastaajabu kwa nini analia. Basi mzazi anayesafiri na mtoto wa umri huo ana deni la namna mbili: kumrudishia mtoto yale aliyonyang'anywa na motokaa, na kumkinga na hatari ambazo mbeleko haikuzijua.

Nianze na hatari, maana hapo ndipo desturi njema ya zamani inapoweza kutughilibu. Mama zetu wameamini, na wana haki ya kuamini, kwamba hakuna mahali salama kuliko mikono ya mama. Katika njia ya miguu ni kweli tupu. Katika gari si kweli. Mtoto wa kilo 10, gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likasimama ghafla kwa kugonga, huvutwa mbele kwa nguvu iliyo sawa na mzigo wa zaidi ya kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi. Na sijamwona bado mtu, awe mkulima hodari namna gani, awezaye kuyadaka magunia mawili yaliyorushwa kutoka kifuani pake. Kujifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto ni vibaya zaidi, kwa kuwa hapo uzito wa mama ndio humbana mtoto dhidi ya mkanda. Na aliyembeba mgongoni kwa mbeleko, akaegemea kiti, amemweka mwanawe kati ya mwili wake na ubao.

Dawa yake inajulikana: ni kiti maalumu cha mtoto kinachofungwa kwa mikanda ya gari, na kwa mtoto mdogo hufungwa kikitazama nyuma, ili mshtuko ukija upokewe na mgongo wote badala ya shingo iliyo laini. Mwenye gari lake, aliyeweza kununua tairi nne na redio, hana udhuru. Lakini wengi wetu tunasafiri kwa basi au kwa Noah za abiria, ambako kiti hicho hakijulikani, na mwandishi anayeishia kusema "nunua kiti" atakuwa amewaandikia watu wachache. Kwa msafiri wa basi, mambo yanayowezekana ni haya: kama fedha zinaruhusu, mtoto akatiwe nafasi yake na afungwe mkanda wake peke yake ikiwa upo; kama haziruhusu, mama ajifunge mkanda kwanza, kisha amshike mtoto nje ya mkanda huo, kwenye kiti cha katikati ya basi, mbali na mlango na mbali na kioo cha mbele. Kiti kile cha jirani ya dereva, ambacho makondakta wetu kwa wema wao humpa mama mwenye mtoto kwa kudhani wanamheshimu, ndicho cha kukataliwa kwa adabu.

Kuhusu bodaboda sitasema mengi, kwa kuwa najua vijiji ambako hakuna kingine. Mtoto huwekwa mbele juu ya tangi, au hubanwa katikati kwa ule mpango uitwao mshikaki, ambao sheria imeukataza na ambao kila mtu ameuona. Kofia ya kumwenea kichwa haipatikani. Ikiwa hapana budi, mtoto awe kati ya dereva na mama na asiwe mbele. Avikwe suruali ndefu na viatu, maana bomba la moshi limewachoma watoto wengi shavu la mguu, na nguo ya mbeleko ifundikwe ndani isining'inie, kwa kuwa gurudumu halichagui la kusokota. Na dereva aambiwe kabla ya kuondoka, si njiani, kwamba leo amebeba mtoto.

Sasa nije kwenye deni la pili. Niliwahi kusafiri kutoka Mbulu kuteremkia Mbuyu wa Mjerumani, ile njia panda inayokutana na barabara kuu ya Arusha na Babati, na mbele yangu aliketi mama kijana na mwanawe wa kiume ambaye, kabla hatujafika mbali, alikwisha kulia, kupiga teke kiti, na kuvuta kilemba cha abiria mwenzetu. Kando yao alikuwapo bibi mmoja wa Kiiraqw aliyekaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mpe kazi huyo, asije akakupa kazi wewe." Akaivuta ncha ya shuka lake, akafunga mafundo matatu malegevu, na ndani yake akaficha vitu: katika la kwanza kipande cha mkate, katika la pili kipande cha ndizi, na katika la tatu hakuweka kitu. Mtoto akafungua la kwanza akala, la pili akala, la tatu akalifungua akalikuta tupu, akacheka kicheko ambacho basi zima lilikisikia. Akarudisha shuka kwa bibi afungiwe tena. Mchezo huo ukatufikisha tambarare.

Sijapata nasaha iliyo fupi na kamili kuliko ile ya bibi. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu hachezi ili apoteze wakati. Anafanya kazi ya kuijua dunia, na ukimnyima kazi hiyo hujitafutia nyingine, ambayo aghalabu ni kitasa cha mlango. Tena kazi hiyo haihitaji fedha. Gunzi la mahindi likivishwa kipande cha kitambaa ni mwanasesere; bangili za shaba za mama wa Kibarbaig, kubwa zisizoweza kumezwa, zikivuliwa na kuvikwa mkono mmoja hadi mwingine, zina muziki wake; kopo lenye kifuniko hufunguliwa na kufungwa mara mia. Siri iliyomo ni kutovitoa vyote kwa pamoja. Toa kimoja, kikichosha kifiche, utoe cha pili, na kile cha kwanza kikirudi baada ya saa moja kitapokewa kama mgeni kutoka ng'ambo.

Dirisha nalo ni hazina, mradi lisifunguliwe kiasi cha kupitisha kichwa au mkono. Anayekwenda Katesh kutoka Babati ana kilomita kama 75 za kumsimulia mtoto juu ya mlima Hanang', unaosimama peke yake kwa zaidi ya mita 3,400, ukijificha winguni na kujifunua; na mtoto mdogo hupenda mno kitu kinachojificha na kujifunua. Mwambie, "Mlima uko wapi?" Atautafuta. Wakitokea ng'ombe wa Wabarbaig, sauti ya ng'ombe. Wakitokea mbuzi, sauti ya mbuzi. Abiria wasiopenda makelele watastahamili, kwa kuwa mlio wa ng'ombe ni afadhali kuliko kilio.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019, limeshauri kwamba mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mfululizo, likitaja kigari, kiti kirefu, na hata mgongo wa mama. Bibi zetu waliotembea kutwa na watoto mgongoni wangeuliza, kwa haki, kama waandishi wa miongozo hiyo wamewahi kupanda mlima. Lakini muradi wake ni wa kweli: basi likisimama kupakia magunia ya vitunguu, mshushe mtoto, mshike mkono, mwache arukeruke vumbini. Miongozo hiyohiyo imesema mtoto wa mwaka mmoja asiwekewe kabisa picha za simu, na wa miaka miwili zisizidi saa moja kwa siku. Katika barabara zetu ipo sababu nyingine iliyo karibu zaidi: anayetazama kitu kidogo mapajani huku gari likipinda, masikio yake humwambia anakwenda na macho yake humwambia amekaa, na ubishi huo huishia kwenye nguo za jirani. Mtoto aliyefikisha miaka miwili huanza kupatwa na kichefuchefu hicho. Macho yake yaelekezwe mbali, nje.

Masikio yana jambo jingine katika mteremko wa Bonde la Ufa. Kutoka nyanda za juu za Mbulu hadi tambarare ya Magugu gari hushuka mamia ya mita kwa muda mfupi, na hewa hubadilika uzito. Mtu mzima humeza mate akapona, ila mtoto hajui kumeza kwa makusudi, hujua kulia tu. Basi ziwa, au kikombe cha maji, kisitolewe mapema stendi, kingoje mteremko.

Chakula cha dirishani nacho kina fitina. Mara basi linaposimama, mikono hujitokeza na karanga, bisi, miwa, mahindi ya kuchoma na pipi, na jirani mkarimu hununua akampa mtoto. Karanga ni ya kuogopwa: meno ya kusaga hayajatimia, barabara ina mashimo, na punje moja ikiteleza kwenye njia ya hewa hapana zahanati karibu. Mtoto akipaliwa asiweze kukohoa wala kulia, mwinamishe kichwa kiwe chini ya kifua, umpige mgongoni kati ya mabega kwa kitako cha kiganja mara tano. Isipotoka, na akiwa amepita mwaka mmoja, mkumbatie kwa nyuma na ubane tumbo juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara tano, kisha urudie. Asiyefikisha mwaka habanwi tumbo. Hulazwa chali, akabonyezwa kifuani kwa vidole viwili. Kula ndizi, viazi vilivyopondwa, au uji wa ulezi uliotiwa katika chupa ya chai tangu nyumbani, hakuna mkasa.

Uji huo uzidi makadirio. Masika yakishika, udongo mweusi wa mbugani hulishika gari kama gundi, na safari ya saa tatu ikawa ya kutwa. Maji yaliyochemshwa yasikose, na ikiwa tumbo la mtoto limechafuka, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji hayo, akinyweshwa kidogokidogo, vitamhifadhi mpaka kituo cha afya. Na korongo likijaa, asiwepo wa kumhimiza dereva avuke. Watu wa Katesh hawahitaji kuhadithiwa nguvu ya maji na tope, tangu Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023 mlima wao ulipoporomosha udongo ukazika nyumba na roho za watu.

Ziko tahadhari ndogo zilizobaki. Mtoto aliyekulia baridi ya Mbulu, akishuka kulala Magugu au Babati, hukutana na mbu ambao damu yake haijawazoea, hivyo chandarua chenye dawa kifungwe pamoja na nepi. Kadi ya kliniki iwe mfukoni, na chanjo ya surua ya miezi 9 na 18 iwe imekamilika kabla ya kumpeleka katika mikusanyiko. Wale wanaompa mtoto piritoni ili alale njia nzima, waache: dawa ile ya mafua huweza kumpunguzia pumzi, na mtoto aliyelala kwa dawa haonyeshi dalili za kuumwa.

Ukifika Katesh siku ya mnada, kabla hujashuka, mfunge mbeleko. Hapo mjini, katikati ya ng'ombe, pikipiki na miguu ya watu elfu, mgongo wa mama umerudi kuwa mahali salama kupita pote, na mtoto aliyetoka katika kifungo cha saa tatu ataegemeza shavu begani, atautazama mlima, na kabla hujamaliza kuulizia bei ya kitunguu atakuwa amelala.