Mchanga Unaotuamisha Maji: Tuchimbe Shimo Kwanza

Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie udongo. Kila msimu kamati za sharika hutuletea maombi ya miradi ya mashamba, bustani, visima na vyoo. Maombi mengi yanaeleza vizuri idadi ya walengwa, mchango wa wanausharika na bei ya pembejeo. Kuhusu ardhi yenyewe, mara nyingi tunakuta mstari mmoja tu: "Eneo lina udongo wa kichanga."

Mstari huo hautoshi. Hapa Butimba, na katika ukanda huu wa Ziwa Victoria kwa ujumla, kuna mchanga unaopitisha maji kama chujio, na kuna mchanga unaokaa na maji wiki nzima baada ya mvua. Ukiangalia juu juu, hutaona tofauti. Tofauti iko chini, na ndiyo inayoamua kama nguvu za wanausharika na fedha za wafadhili zitazaa matunda au zitapotea.

MCHANGA WETU UMETOKA WAPI?

Kila anayefika Mwanza huona milima ya mawe makubwa yaliyobebana. Mengi ya mawe hayo ni graniti. Graniti ina chembechembe za aina mbalimbali. Baadhi huoza polepole kwa mvua na joto na kugeuka kuwa mfinyanzi. Nyingine, zile zinazong'aa kama vioo, ni ngumu sana na haziozi. Hizo ndizo mchanga wetu. Kwa muda mrefu mvua imekuwa ikibeba mfinyanzi laini, mwingine kuelekea bondeni na mwingine kuuzamisha ndani ya ardhi. Juu unabaki mchanga.

Ndiyo maana udongo wa Usukumani hubadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Wasukuma waliujua mpangilio huu zamani na kila ngazi wakaipa jina lake. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani mkoani Tanga, aliandika kuhusu mpangilio wa namna hii katika Afrika Mashariki na kuuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Neno hilo linatumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote hadi leo. Kwa ufupi, ngazi zenyewe ni hizi:

- Juu, karibu na mawe: udongo mfupi wenye changarawe.
- Mteremko wa juu na wa kati: mchanga mwepesi na mrefu, unaoitwa luseni. Maji hupita haraka.
- Mteremko wa chini: itogolo. Juu kuna mchanga wa rangi ya majivu, na chini yake tabaka gumu lisilopitisha maji vizuri.
- Bondeni: mbuga, yaani mfinyanzi mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Makala hii inahusu hasa ngazi ya tatu, pamoja na mchanga wa kando ya ziwa. Ndiyo ardhi inayowachanganya watu wengi, kwa sababu mkononi ni mchanga lakini tabia yake si ya mchanga tuliouzoea.

KWA NINI MCHANGA UTUAMISHE MAJI?

Sababu ni mbili, na dawa zake hazifanani.

Sababu ya kwanza ni tabaka gumu. Ule mfinyanzi uliozama ndani ya ardhi hujikusanya katika kina fulani, ukaziba nafasi kati ya punje za mchanga. Maji ya mvua hushuka haraka katika mchanga wa juu, yakifika hapo yanakwama. Yakizidi, hupanda kurudi juu mpaka usoni mwa shamba.

Sababu ya pili ni maji ya chini ya ardhi. Karibu na ufuko, maji ya ardhini hupanda na kushuka kufuata ziwa. Ziwa letu halikai kimo kimoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilifikia tena kimo cha 1964, na mwaka 2024 likapita hapo. Kiwanja cha ufukoni kilichokuwa kikavu miaka kumi iliyopita si lazima kiwe kikavu leo.

TABIA ZA UDONGO HUU

Jambo la kushangaza ni kwamba shamba la namna hii linaweza kuzama mwezi Desemba na kukauka mwezi Februari. Mwanza hupata mvua ya kadiri ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Oktoba na Mei, na mara nyingi mvua hupungua Januari na Februari. Wakati wa mvua nyingi maji hukwama juu ya tabaka gumu. Mizizi inahitaji hewa, na maji yakijaza nafasi zote kati ya punje, hewa hutoka. Mizizi ya mahindi huoza au hubaki mifupi. Mvua inapokatika, mchanga wa juu hukauka kwa siku chache, kwa kuwa mchanga hauna uwezo wa kutunza maji. Mita moja ya mchanga kwa kawaida hutunza maji ya kutumiwa na mmea yapatayo milimita 60 hadi 100, wakati tifutifu nzuri hutunza 150 au zaidi. Mizizi mifupi haiwezi kuyafuata maji chini ya tabaka gumu. Mkulima husema jua limemuua, kumbe mmea uliumizwa na maji miezi miwili kabla.

Tabia ya pili ni upungufu wa rutuba. Mchanga haushiki virutubisho. Mbolea ya viwandani ikiwekwa yote kwa mkupuo mmoja, sehemu kubwa huoshwa na mvua. Tena, udongo ukijaa maji, vijidudu vya udongoni hugeuza sehemu ya naitrojeni kuwa hewa ikapotea. Majani ya mahindi yakigeuka njano baada ya maji kutuama, kuongeza urea wakati maji bado yapo ni kutupa fedha.

Tabia ya tatu ni rangi. Udongo wenye hewa mwaka mzima huwa mwekundu au wa kahawia, kwa sababu chuma kilichomo kimeshika kutu. Udongo unaozama kwa muda huwa wa kijivu au mweupe wenye madoa ya rangi ya kutu, kwa sababu maji huyeyusha chuma na kukihamisha. Madoa hayo hukaa hata kiangazi, kwa hiyo mtu aweza kusoma habari za mvua zilizopita akiwa amesimama shimoni mwezi Septemba.

WENZETU WA NG'AMBO

Baadhi ya wafadhili wetu wanaifahamu hali hii nyumbani kwao. Huko Marekani, katika majimbo ya Illinois na Indiana, kuna tambarare za kale za nyasi zenye mchanga ambao maji ya ardhini hupanda karibu na uso wakati wa majira ya kuchipua, kisha mimea ikaona kiu katikati ya kiangazi. Tofauti ni kwamba udongo wao wa juu ni mweusi, kwa kuwa mizizi ya nyasi imeoza humo kwa maelfu ya miaka na baridi imechelewesha uozo huo kumalizika. Hapa kwetu joto huumaliza uozo haraka, ndiyo maana mchanga wetu ni mweupe na maskini. Wakulima wa huko walianza kufukia mabomba ya udongo wa kuchoma tangu karne ya 19 ili kuondoa maji, na siku hizi hutumia mabomba ya plastiki yenye matundu. Kwa mkulima wetu wa ekari mbili gharama hiyo haibebeki. Lakini zipo njia nyingine, na nyingi ziko mikononi mwa watu wetu tayari.

JINSI YA KUPIMA

Kazi hii inahitaji chepe, sururu, ndoo, kipande cha mti chenye alama za sentimita, na watu watatu au wanne wa kamati. Siku moja inatosha kwa eneo dogo.

1. Chagueni sehemu tatu: juu, katikati na chini ya eneo. Msichague mahali pazuri peke yake.
2. Chimbeni shimo la upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1. Udongo wa kila tabaka uwekwe peke yake juu ya gunia.
3. Loweshe udongo kidogo na uviringishe mkononi. Usioshikana ni mchanga. Unaofanya donge lakini hauvutiki ni kichanga chenye mfinyanzi kidogo. Unaovutika kama utepe una mfinyanzi mwingi.
4. Tazameni rangi. Andikeni kina ambapo kijivu na madoa ya kutu vinaanza.
5. Andikeni kina ambapo chepe linagoma na sururu inahitajika.
6. Mimineni maji ndoo kadhaa shimoni, yaacheni yazame, mimineni tena, kisha pimeni yameshuka sentimita ngapi kwa saa moja.
7. Funikeni shimo kwa miti ili watoto na mifugo wasitumbukie. Kesho yake angalieni kama maji yamejitokeza yenyewe.

Pimeni mara mbili ikiwezekana: mwishoni mwa kiangazi, na katikati ya masika mwezi Aprili. Shimo la Septemba peke yake linaweza kudanganya kuhusu maji, ingawa madoa ya kutu yatasaidia. Na waulizeni wazee wa eneo. Wanaojua ni wapi majaluba yalikuwa zamani wanajua maji yanakaa wapi.

BAADA YA KUPIMA, TUFANYE NINI?

Kama mita yote ni mchanga wa kahawia bila madoa, hiyo ni luseni. Inafaa mihogo, karanga, njugu mawe, uwele na viazi vitamu. Tatizo lake ni njaa na kiu, si maji kutuama. Weka samadi iliyooza vizuri, na ugawe mbolea ya kukuzia mara mbili. Hapo matuta yaliyofungwa kwa vizuizi katikati ya mifereji husaidia kuzuia maji ya mvua yasitoroke. Kituo cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kilifanya majaribio ya matuta na samadi kwa miaka mingi, na mafunzo yake bado yana manufaa.

Kama madoa ya kutu na tabaka gumu vinaanza kati ya sentimita 30 na 60, tahadhari. Msifunge matuta hapo, maana mtakuwa mnahifadhi maji ambayo tayari yamezidi. Yaacheni wazi, yawe marefu kwenda juu, na mifereji iwe na mteremko mdogo wa kutoa maji bila kuzoa udongo. Viazi vitamu huvumilia vizuri juu ya tuta refu. Mihogo ipandwe tu penye tuta lenye kina cha kutosha, la sivyo itaoza.

Kama maji yanasimama karibu na uso kwa wiki nyingi, tusishindane nayo. Hilo ni eneo la mpunga. Wakulima wa Usukumani hujenga majaluba kwenye itogolo hasa kwa sababu tabaka gumu hutunza maji ya mvua. Kile kinachoua mahindi ndicho kinacholisha mpunga. Usharika ukipata eneo la namna hii usiseme umepewa ardhi mbaya. Umepewa ardhi yenye kazi yake.

Kwa bustani za ufukoni kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mradi utakaopangwa ndani ya mita hizo hatutaupeleka kwa mfadhili, hata udongo ukiwa mzuri namna gani.

VISIMA NA VYOO

Hapa ndipo kosa la udongo linapogusa afya za watu. Katika maeneo yenye nyumba nyingi kama Butimba, choo cha shimo na kisima kifupi vinaweza kuwa ndani ya mchanga uleule. Mchanga hupitisha maji machafu haraka, na maji ya ardhini yakiwa karibu, uchafu hausafiri mbali kukifikia kisima. Mwongozo unaotumika sana ni kisima kukaa mita 30 au zaidi kutoka kwenye choo, upande wa juu wa mteremko, na kitako cha shimo la choo kuwa angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini wakati wa masika. Shimo la Aprili likionyesha maji kwenye sentimita 80, choo cha kuchimba kwenda chini hakifai. Tupange choo cha kuinuliwa juu ya ardhi, chenye chumba kilichojengwa kwa tofali na saruji. Hata penye mchanga mkavu, kuta za shimo zijengewe, kwa sababu mchanga hubomoka.

TUNACHOOMBA KWA KAMATI

Kuanzia sasa tunaziomba kamati zote zinazoleta maombi ya mradi wowote unaogusa ardhi ziambatanishe karatasi moja yenye mambo manne kwa kila shimo: tarehe ya kuchimba, aina ya udongo katika kila tabaka, kina cha madoa ya kutu na tabaka gumu, na kina cha maji. Pale inapobidi kupima rutuba, tutasaidia kuwasiliana na Ukiriguru, ambayo sasa iko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: mkiona ombi limechelewa mwezi mmoja kwa sababu kamati inasubiri kuchimba shimo la masika, msidhani ni uzembe. Shimo la mita moja halina gharama ila jasho la watu watatu. Mahindi yaliyooza ekari tano, au kisima kilichochafuka, gharama yake hubebwa na familia ambazo mradi ulikuja kuzisaidia.