Mkono Hodari na Ulimi Mwema

Katika nyumba za ndugu zetu waishio Kisii na Nyamira, kama ilivyo katika nyumba zetu za Pwani, wapishi wa runinga wamekuwa wageni wa kila jioni. Kujifunza upishi kwao ni jambo jema. Hata hivyo, yatupasa tuwapime kwa mambo mawili: ustadi wa mkono na adabu ya ulimi.

Gordon Ramsay wa Uingereza ni fundi asiye na shaka. Mkahawa wake wa London ulitunukiwa nyota 3 za Michelin, daraja ya juu kabisa, mwaka 2001. Lakini katika Hell's Kitchen, kipindi kilichoanza Marekani mwaka 2005, huwavunjia heshima wapishi kwa makelele na matusi. Ajabu ni kwamba katika MasterChef Junior, shindano la watoto lililoanza mwaka 2013, bwana huyo huyo hulainisha ulimi. Basi ukali si sharti la ustadi, mtu huuchagua.

Nadiya Hussain, Mwingereza mwenye asili ya Bangladesh, alishinda The Great British Bake Off mwaka 2015 akiwa amejisitiri kichwa. Mwaka uliofuata aliombwa aoke keki ya Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 90. Hofu yake ilionekana usoni, na machozi hakuyaficha, lakini hakumdunisha mwenzake ili apande yeye. Kwetu Kenya, Ali Mandhry, mzaliwa wa Mombasa, amejulikana runingani kwa mapishi ya Kiswahili na kwa uchangamfu wake.

Sasa tumtazame mpishi asiyefuatwa na kamera: mama wa Kisii au Nyamira apikaye mgagani, ambao Wagusii huuita chinsaga. Mboga hiyo ni chungu. Huchambuliwa, huchemshwa kwa muda mrefu, hutiwa maziwa, na aghalabu hulazwa ikapashwa tena moto siku ya pili, mpaka uchungu upungue. Huliwa kwa obokima, ugali wa wimbi. Kipindi cha nusu saa hakiwezi kuionyesha subira hiyo.

Tunasikitika kusikia mume au mtoto akimkosoa mama huyo kwa maneno aliyoyaokota runingani. Aliyeshinda jikoni huvunjika moyo; na binti anayesikiliza huona haya kujifunza chakula kinachochekwa. Hivyo ndivyo ujuzi wa mabibi unavyopotea, nyumba moja baada ya nyingine.

Abu Hurayra (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia chakula ila: akikitamani hukila, asipokitaka hukiacha. Hiyo ndiyo adabu ya mlaji. Basi, enyi akina baba, kabla ya kuuliza chumvi, tangulizeni shukrani. Nanyi akina mama, waiteni mabinti jikoni siku ya kupika mgagani, runinga itawangoja.