Mjumbe Arudipo kutoka Maonyesho ya Ng'ambo



Chama cha wachongaji kinapopeleka mjumbe katika maonyesho ya sanaa ng'ambo, kama yale ya Santa Fe huko Marekani yaliyoanzishwa mwaka 2004, nguvu zote huishia kwenye safari ya kwenda: pasipoti, viza, nauli na masanduku. Safari ya kurudi huachiwa mjumbe mwenyewe. Katika ukaguzi nimeona kwamba ni hapo ndipo mali ya wanachama hupotea.

Yafaa ieleweke kwamba mjumbe hakuuziwa mzigo, amekabidhiwa. Kila kipande kilichotoka ghalani sharti kionekane katika hesabu ya kurudi, ama kwa fedha, ama kwa kipande chenyewe, ama kwa maelezo ya maandishi. Tuseme vilitoka vinyago 40. Vimeuzwa 27, vimerudi 11, kimoja kimevunjika njiani, na kimoja kimetolewa zawadi kwa mwenyeji. Idadi imetimia, lakini kazi haijaisha. Kilichovunjika kirudi na vipande vyake, Halmashauri ivione. Ama zawadi, kumshukuru mwenyeji ni adabu njema. Ila kinyago kile kina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana watoto shuleni. Chama kimlipe kutoka fungu la safari, kwa bei iliyoandikwa siku ya makabidhiano. Kwa sababu hiyo namba ya mwanachama iandikwe chini ya kila kipande kabla ya kufungwa. Bila namba, vinyago 11 vilivyorudi havitakuwa na mwenyewe, maana kila mchongaji atadai kuwa chake ndicho kilichouzwa.

Kuhusu fedha, mara nyingi mnunuzi hulipa kwa kadi, nao waandaaji hukata ada yao kwanza, kisha hupeleka salio benki baadaye. Hivyo mjumbe aweza kufika na fedha kidogo mkononi bila kuiba kitu. Katika chama kimoja nilichokagua, mjumbe aliitwa mwizi mkutanoni. Majuma machache baadaye fedha zikaingia benki, naye alikwisha jitoa uanachama. Karatasi moja tu ingaliuepusha mzozo ule, nayo ni taarifa ya mauzo ya waandaaji. Katibu aidai siku mjumbe anaporipoti, na Mweka Hazina aandike salio katika leja kuwa ni deni ambalo chama kinawadai waandaaji. Fedha zikifika, kiwango cha kubadilishia kilichomo katika hati ya benki ndicho kitumike kuwalipa wanachama wote. Masurufu ya safari yarejeshwe kwa hesabu yake peke yake, yasichanganywe na mauzo hata senti moja.

Wachongao mpingo wana jambo la ziada. Tangu Januari 2017 mti huo na jamii yake yote umo katika mkataba wa kimataifa wa CITES. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo katika shehena moja. Mzigo unaozidi hapo huhitaji kibali wakati wa kwenda, na usipouzwa huhitaji kibali kingine cha nchi unakotoka kurudi. Aidha, mjumbe arudi na nakala za hati za forodha alizotolea mzigo. Bila hizo ni vigumu kumthibitishia ofisa wa forodha kwamba vinyago ni vya hapa nyumbani, wala havikununuliwa ng'ambo.

Zimebaki kadi za wanunuzi. Hizi huenda zikawa na thamani kuliko dola alizorudi nazo mjumbe, na hazimo katika leja yoyote. Mnunuzi aliyeacha anwani amekiachia chama, kwani kilichomvuta ni kazi za wanachama. Katika muda wa siku 7, kabla mjumbe hajasahau nani alitaka nini, Katibu aandike katika daftari jina, anwani, kipande kilichopendwa na bei iliyotajwa, naye mjumbe atie sahihi. Posho yake ya mwisho isilipwe mpaka daftari hilo limefikishwa mbele ya Halmashauri.