Hukumu ya Bogoro

Ndugu wasomaji wa Ariwara, mwakumbuka jinsi watu wa Bogoro, karibu na Bunia, walivyouawa tarehe 24 Februari 2003. Mathieu Ngudjolo Chui alishtakiwa kwa ajili yao mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mjini The Hague. Tarehe 18 Desemba 2012 aliachiliwa. Majaji hawakukana mauaji. Walikataa kuwaamini mashahidi wakuu waliosema kwamba yeye ndiye aliyewaongoza washambuliaji. Wala hawakutamka kuwa hana hatia: walisema hatia haikuthibitishwa. Neno hilo ni chungu kwa wajane! Mwendesha mashtaka akakata rufani. Tarehe 27 Februari 2015 majaji watatu waliithibitisha hukumu ile, wawili wakaipinga. Germain Katanga, aliyeshtakiwa pamoja naye, alikwisha kupewa miaka 12 mwaka 2014.