Kazi Nne kwa Juma Moja: Juu ya Kuyakabili Mazoezi ya Masomo Yasiyofanana

Muhula mmoja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mtu mzima aliyetumika kama mwinjilisti kwa miaka sita kabla ya kuja chuoni, alinijia jioni akiwa na barua mkononi. Baada ya shikamoo alisema, "Mchungaji, naomba uipitishe. Narudi nyumbani." Nilipomwuliza sababu, alitandaza mezani kazi nne zilizorudishwa juma lile zikiwa zimejaa wino mwekundu: zoezi la Kiyunani, hesabu za takwimu, urari wa vitabu vya fedha, na insha ya Historia ya Kanisa. Hakuwa mvivu. Kila siku aliamka saa kumi alfajiri na kuyakariri madaftari yote manne kwa namna ile ile.

Maneno hayo, "kwa namna ile ile", ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Kukariri kwenyewe si kosa. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 iliandikwa ili watu waishike moyoni. Hata hivyo, yale yanayoitwa jibu katika somo moja hayawi jibu katika somo jingine. Mwanahisabati George Pólya, aliyezaliwa Budapest mwaka 1887, alichapisha mwaka 1945 kitabu juu ya utatuzi wa maswali ya hisabati, akaigawa kazi hiyo katika hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, kisha kutazama nyuma. Kwa uzoefu wangu, wanafunzi huziruka ya kwanza na ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, mtu ajiulize: hapa jibu ni kitu cha namna gani, na nitajuaje kwamba nimekosea kabla mwalimu hajaniambia?

Tuanze na Kiyunani. Msemaji wa Kiswahili anayo faida ambayo wengi hawaitambui. Neno letu "hawajatufungulia" limebeba ukanusho, watendaji, wakati, watendewa na kitendo, yote katika neno moja, nasi hulichambua bila kufikiri. Kitenzi cha Kiyunani nacho hubeba mizigo ya namna hiyo. Ndugu yangu yule aliweza kuitaja jedwali yote ya kitenzi *luo*, yaani kufungua, lakini alipokutana na umbo *eluon* aliandika "nilikuwa nikifungua", akakosa. Umbo hilo lina maana mbili: "nilikuwa nikifungua" na "walikuwa wakifungua". Jedwali haiwezi kumwamulia. Ni lazima atazame maneno mengine ya sentensi ili amjue mtendaji. (Siku hizi simu ya mkononi humtajia mtu maana zote mbili mara moja, bado haimwondolei kazi ya kuisoma sentensi.)

Takwimu zilimwangusha kwa njia nyingine. Aliulizwa juu ya matoleo ya jumuiya saba, kwa shilingi: 2,000, 2,000, 3,000, 3,000, 4,000, 5,000 na 51,000. Alijumlisha, akapata 70,000. Akagawanya kwa saba, akapata wastani wa 10,000. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kisha akaandika kwamba jumuiya ya kawaida hutoa shilingi 10,000, wakati jumuiya sita kati ya saba hazifiki hata 6,000. Angezipanga kwa ukubwa na kuitazama ile ya katikati angeona 3,000. Kutazama nyuma hapa ni kulirudisha jibu kwa watu wenyewe: je, ipo jumuiya hata moja inayofanana na jibu hili? Mchungaji atakayepanga bajeti kwa wastani ule atawatoza wanyonge mzigo wa tajiri mmoja.

Urari wa vitabu vya fedha una rehema ambayo masomo mengine hayana: hujisahihisha wenyewe kwa sehemu. Pande mbili zisipolingana, kosa lipo. Urari wake ulipungua shilingi 27,000, naye alikuwa ameanza kuandika upya vitabu vyote tangu mwanzo. Nilimwonyesha jambo ambalo watunza hesabu wa zamani hulijua: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Tuliketi na leja kwa muda usiofika robo saa, tukakuta sadaka ya mavuno, shilingi 63,000, imeandikwa 36,000. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza jioni ile. Lakini ilinibidi nimwonye pia. Urari unaolingana haujathibitisha kwamba vitabu ni safi. Malipo yaliyosahauliwa pande zote mbili, au yaliyoingizwa katika hesabu isiyo yake, huacha urari ukiwa umenyooka. Hapo hakuna hila ya tarakimu. Stakabadhi hulinganishwa na vitabu moja baada ya nyingine.

Ilibaki insha ya historia. Swali lilikuwa: kwa nini Matengenezo ya Kanisa yalienea upesi katika nchi za Kijerumani? Yeye alijibu kwa miaka: 1517 Wittenberg, 1521 Worms, 1530 Augsburg. Miaka yote ilikuwa sahihi, ila swali halikuuliza "lini". Aliyeulizwa "kwa nini" hutoa sababu, na sababu hupimwa kwa kulinganisha. Jan Hus alichomwa moto Constance mwaka 1415, kabla ya mashine za kuchapa za Gutenberg. Maandishi ya Luther yalichapwa na kusambazwa katika miji mingi. Tena Luther alikuwa na mtawala wake, Frederick wa Saxony, aliyemficha katika ngome ya Wartburg. Na Kaisari Charles wa Tano alikuwa na vita vingine, hata Waturuki wakauzingira mji wa Vienna mwaka 1529.

Kuhusu mpangilio wa muda nina neno moja tu. Kiyunani kigawanywe katika siku zote za juma, nusu saa kila siku. Hesabu za fedha zisiachwe kwa usiku wa manane, kwa kuwa jicho lililochoka ndilo linalogeuza 63 kuwa 36.

Barua ile sikuipitisha, naye hakuiulizia. Juma lililofuata alirudi na insha mpya na ubishi. Wafuasi wa Hus, alisema, hawakufa pamoja naye. Tangu mwaka 1419 walipigana na majeshi yaliyotumwa dhidi yao kwa miaka mingi, wala hawakuwa na kitabu kilichochapwa. Basi inakuwaje Mchungaji anaitaja mashine kuwa sababu ya kwanza? Nilimwambia aliandike hilo katika aya ya kwanza.