Ndama akiharisha, maji kwanza

MFANYABIASHARA anayenunua ndama wa ng'ombe wa maziwa upande mmoja wa mpaka na kumuuza upande wa pili huijua hesabu yake: bei, gari, kibali cha daktari wa mifugo, ushuru. Kinachosahaulika ni siku chache za mwanzo baada ya safari. Hapo ndipo mtaji hupotea.

Ndama aliyetengwa na mama yake, akapigwa jua na kutikiswa garini, huharisha upesi. Wengi hukimbilia sindano ya oksitetrasaiklini. Lakini kuhara kwa ndama mara nyingi huletwa na virusi au vimelea ambavyo dawa hiyo haiviui. Kinachomuua hasa ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini.

Mpime hivi: finya ngozi ya shingo kisha uiachie. Ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 2, na macho yamezama, amepungukiwa maji.

Nunua pakiti za chumvi za kuongeza maji katika duka la dawa za mifugo. Zikikosekana, kwa dharura changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe yakiwa vuguvugu, kama lita 2 kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku. Ikiwa bado ananyonya, usimnyime maziwa. Mpe kwa saa tofauti na maji hayo. Mlaze pakavu, pasipo na upepo.

Asiyeweza kusimama au kunyonya kidole usimmiminie kwa chupa, kwani maji yataingia mapafuni. Huyo anahitaji dripu. Mwite daktari wa mifugo.

Si kila ugonjwa ni kuhara. Joto likipita nyuzi 40, tezi zikavimba chini ya sikio au mbele ya bega, na pumzi ikawa nzito, shuku ndigana kali inayoletwa na kupe. Dawa yake, buparvakwoni, husaidia zaidi ikitolewa mapema. Chanjo yake pia ipo. Muulize muuzaji kama ndama amechanjwa.

Kabla ya kulipa, tazama kitovu kama ni kikavu, mkia kama ni safi na masikio kama yamesimama. Uliza kama alipata dang'a ndani ya saa 6 za kwanza, maana hiyo ndiyo kinga yake ya mwanzo.

Ukifika, mtenge na wenzake kwa wiki 2, na unawe mikono kwa sabuni: baadhi ya vijidudu vya kuhara humwambukiza binadamu. Aliyeanza kuugua kabla ya safari asipakiwe. Gharama ya kumtunza siku chache ni ndogo kuliko ya kumzika ng'ambo ya mpaka, baada ya kuwaambukiza wenzake garini.