Wito na Amri: Kilatini, Kiswahili na Salamu za Igunga

Mwanafunzi wa Kilatini hufundishwa mapema ya kuwa jina la mtu aitwaye huweza kubadilika: Marcus huwa Marce, filius (mwana) huwa fili. Amri nayo hufuata idadi: veni kwa mmoja, venite kwa wengi, katazo ni noli venire na nolite venire. Hata salamu ave ina umbo la amri. Kwa wengi ni avete. Katika Kilatini cha kale wingi huo ni hesabu tu: Kaisari mwenyewe alisalimiwa ave.

Kiswahili chafanana nacho katika idadi: njoo, njooni, usije, msije. Lakini jina halibadiliki. Juma aitwapo hubaki Juma, na heshima huletwa na "mzee" au "baba" litanguliapo jina, au na kitenzi kiishiacho kwa -e: "ulete" ni laini kuliko "lete".

Igunga, katika nchi ambayo Kiswahili kiliifikia pamoja na misafara ya karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma wana kawaida nyingine. Asubuhi, mtu humwambia mdogo wake wangaluka. Mzee, ajapokuwa peke yake, huambiwa mwangaluka, kwa kiambishi cha wingi. Basi mwenyeji wa huko amwambiapo mzee mmoja "karibuni", mwalimu asifanye haraka kusahihisha idadi. Huenda lile -ni ni la heshima. Kumkataza mtoto kulitumia, bila kumpa lingine badala yake, ni kumfundisha kumvunjia babu yake adabu.